Kitenzi cha Kula

Kwa Wayoruba, anayetawazwa hula ufalme. Jọba, neno lao la kutawala, ni jẹ, yaani kula, na ọba, mfalme, yaliyoshikana hata hayatengani tena. Mrithi hula urithi: jogún. Mwenye kosa amekula hatia, jẹ̀bi. Na mwenye deni amelila deni lenyewe, jẹ gbèsè.

Jirani zao Wagun, walioko Porto-Novo nchini Benin na Badagry nchini Nigeria, wana lugha ya jamii ya Gbe, ndugu wa Kifon na Kiewe. Kula kwao ni du, lisilokaribiana na jẹ hata kwa sauti. Lakini lifuate: kurithi ni dugu, utawala ni gandudu, na ndani ya ahọluduta, ufalme, kula kumekaa katikati. Midomo miwili, njia moja.

Ni kwa vitenzi vya namna hii ninamheshimu mtunga kamusi. Jina la samaki au la mti humtoka kwa mstari mmoja. Kula humlazimu aende ikulu, barazani kwa waamuzi, kwa wadai na wadaiwa, asikilize watu wanakula nini pasipo chakula. Kisha sikio lake lisisinzie: jẹ ya toni ya kati ni kula, jẹ́ ya toni ya juu ni kuitwa. Akikosea alama moja, mtu anayetaja jina lake ataandikwa kuwa analila.

Kazi hiyo aliifanya Samuel Ajayi Crowther, ambaye Kiyoruba kilikuwa lugha ya mama yake. Alitekwa mwaka 1821 akiwa mvulana, akauzwa, na mwaka 1822 wanamaji wa Uingereza wakamwokoa baharini na kumshusha Sierra Leone. Msamiati wake wa Kiyoruba ulichapwa London mwaka 1843. Mama yake alimwona tena Abeokuta mwaka 1846, miaka mitatu baada ya kitabu! Sijui fundi mwingine aliyezishika mali zake kwa mikono mitupu namna ile, neno kwa neno, huku kwao kukiwa mbali.

Nasi tunakula kiapo, tunakula njama, tunakula hasara. Waganda husema Kabaka, mfalme wao, amekula Buganda. Natamani mtu wa sikio kama la Crowther avikusanye viliwa hivi vyote chini ya kitenzi hicho kimoja kifupi, kila kimoja na mahali kilipotamkwa na nani alikuwa akila.