"Nakili" na "Bandika" katika Programu za Picha

Istilahi nakili na bandika zimekwisha kuzoeleka katika programu za maandishi. Katika programu za picha zingali zinalalamikiwa. Mwalimu wa Choma, wilayani Igunga, hunakili picha, akabandika, asione kitu. Au, katika matoleo ya zamani ya GIMP, hukiona kipande kikielea juu ya picha pasipo kushikamana nayo. Je, neno ndilo lenye kosa?

Twaona sivyo. Kubandika si kwa gundi peke yake: hata chungu hubandikwa mekoni, kisha kikabanduliwa. Kipande kinachoelea kimebandikwa sawasawa. Kilichobaki ni kukitia nanga, au kukipa tabaka lake.

Kasoro imo katika miongozo iliyofasiriwa. Huamuru "nakili, bandika" bila kueleza kwamba kinachonakiliwa ni tabaka lililochaguliwa tu na, kama eneo limeteuliwa, eneo hilo tu. Tabaka likiwa tupu mahali hapo, kinachobandikwa hakionekani.

Kwa hiyo twapendekeza mfasiri atumie chagua kwa tabaka na teua kwa eneo, wala asiyachanganye. Akiyachanganya, mtumiaji atakilaumu Kiswahili kwa kosa la mwongozo.