Kifo cha Malkia wa Macbeth: Shahidi ni Nani?

Tamthilia ya Macbeth ya William Shakespeare si ngeni kwa wasomaji wa Kiswahili, kwani S. S. Mushi aliifasiri kwa jina la Makbeth mwaka 1968. Aghalabu wahakiki humjadili mfalme, uroho wake wa madaraka na anguko lake. Katika makala haya tunapenda kumwangalia mkewe, na hasa swali moja: malkia huyu alikufaje?

Jibu lililozoeleka darasani ni neno moja: alijiua. Kwa maoni yetu, tamthilia yenyewe haisemi hivyo.

Mhusika huyu hapewi jina lake mwenyewe. Hutambulishwa kwa cheo au kwa jina la mumewe. Anasema amewahi kunyonyesha, lakini mtoto haonekani jukwaani. Yeye ndiye anayemchochea mumewe amuue Mfalme Duncan, kisha baada ya karamu ya tendo la tatu anatoweka. Tunapomwona tena mwanzoni mwa tendo la tano, anatembea usingizini akisugua mikono ili kuondoa damu ambayo wengine hawaioni. Tabibu anaagiza aondolewe kila kitu kinachoweza kumdhuru. Hatumwoni tena. Baadaye vinasikika vilio vya wanawake, na Seyton anamwarifu Macbeth kwamba malkia amefariki. Mume haulizi amekufaje. Ni Malcolm, katika hotuba ya mwisho kabisa, anayegusia kwamba yadhaniwa malkia alijitoa uhai.

Malcolm ni nani? Ni mwana wa Duncan aliyeuawa, naye ndiyo kwanza ameshinda vita. Malkia alipofariki, Malcolm alikuwa nje na jeshi lililokuja kuishambulia ngome. Ana kila sababu ya kumchukia, na alichonacho ni uvumi tu. Hata yeye mtunzi hakumpa kauli ya uhakika. Amempa kitenzi cha kudhani.

Tumlinganishe na mwanamke anayemhudumia malkia. Tabibu anapomwuliza malkia amesema nini usingizini, mtumishi huyo anakataa kuyarudia maneno hayo kwa kuwa hana shahidi wa kumthibitishia. Yeye aliyesikia kwa masikio yake ananyamaza. Malcolm ambaye hakuwapo anasema. Hapa ndipo lilipo fumbo la kifo hiki.

Hatudai kwamba malkia hakujiua. Agizo la tabibu lina uzito, na msomaji anaweza kulitumia kama ushahidi. Tunachodai ni kwamba hilo ni hitimisho la msomaji, si tukio lililoonyeshwa, na mwanafunzi hana budi kulitetea.

Kwa walimu wa lugha, suala hili ni la sarufi pia. Kiswahili kina njia nyingi za kuonyesha umbali kati ya msemaji na habari anayoitoa. "Alijiua" ni kauli ya anayejua. "Yadhaniwa alijiua" haimtaji mwenye dhana. "Yadaiwa" inanukia mahakama. "Eti alijiua" inaweza kubeba shaka, hata kejeli. Mfasiri anayeliacha neno hilo dogo huwa ametoa hukumu ambayo mtunzi hakuitoa.

Historia nayo inatufunza tahadhari. Malkia halisi aliitwa Gruoch. Mumewe wa kwanza, Gille Coemgáin, aliteketezwa kwa moto pamoja na watu wake mwaka 1032. Kisha Gruoch aliolewa na Macbeth, aliyetawala Scotland kuanzia mwaka 1040 hadi 1057. Nyaraka zinawataja wawili hao wakitoa ardhi kwa watawa wa Loch Leven. Lulach, mwanawe wa ndoa ya kwanza, alitawala baada ya Macbeth, akauawa mwaka 1058. Kuhusu kifo cha Gruoch, nyaraka ziko kimya. Mwanamke mwenye jina hana kisa cha kifo. Mwenye kisa cha kifo hana jina.

Tunapendekeza basi kwamba walimu, kabla ya kuuliza malkia alikufaje, waulize kwanza: nani amesema, alikuwa wapi, na alitumia kitenzi gani? Mwanafunzi aliyezoea maswali hayo atayahitaji pia akisoma gazeti, akisikiliza redio, au akiletewa habari za kifo cha jirani.