Kaptula na Abakosti: Nani Aliyeshona?

Safari hii nataka tuzungumze juu ya nguo mbili. Ya kwanza imo kitabuni. Ni kaptula la Marx, lile ambalo Euphrase Kezilahabi alimvika Rais Kapera katika tamthilia yake ya Kaptula la Marx. Ya pili ilivaliwa na watu wa kweli, hapo ng'ambo ya ziwa letu, kwa karibu miaka ishirini. Wenyewe waliiita abakosti.

Nimezichagua hizi mbili kwa sababu naona sisi vijana tunaoandika tuna ugonjwa mmoja. Tukitaka kuandika habari za dikteta, tunamchora mwendawazimu mwenye macho mekundu, halafu wananchi tunawachora kondoo. Hadithi inakwisha dikteta akianguka. Lakini tukiulizwa huyo mwendawazimu alikaaje madarakani miaka thelathini na miwili, kalamu zinakauka. Kwa nini kondoo hawakutawanyika? Jibu moja ni itikadi. Na itikadi, kwa maoni yangu, tunaielewa vibaya.

KAPTULA

Tuanze na kitabu. Tamthilia hii iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ikakaa miaka kama ishirini bila kuchapishwa, hata ikatoka mwaka 1999. Kapera anataka kuwapeleka watu wake katika nchi ya Usawa, naye amevaa kaptula lililokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine, katika nchi nyingine. Linampwaya. Basi. Picha hiyo moja inabeba hoja nzima. Wengine wangeandika kurasa mia kueleza kwamba siasa ya kuazima haimkai aliyeazima. Kezilahabi amemaliza kazi kwa vazi, na msomaji anacheka kabla hajafundishwa. Hapo kwenye fani simdai kitu.

Nadai kwenye maudhui. Kicheko cha tamthilia hii kinamtegemea mtazamaji aone kwamba nguo haikai. Ni kama kusema: mkishaona, mmepona. Msomaji anafunga kitabu akiamini kwamba siasa ya namna hiyo inaishi kwa sababu watu hawajaona. Sasa hebu tuvuke maji tukatazame kama ni kweli.

ABAKOSTI

Sisi wa Kigoma na Ujiji hatuhitaji ramani. Mvua ikishasafisha anga, milima ya Kongo inaonekana kutoka huku. Pale Kibirizi maboti yanapakia mizigo ya ng'ambo, na wapo kati yetu ambao wajomba zao wamo Kalemie, Baraka au Uvira. Nchi ile iliitwa Zaire kuanzia Oktoba 1971 hadi Mei 1997, na mwenye nchi alikuwa Mobutu, aliyetwaa madaraka Novemba 1965.

Mobutu aliunda chama chake, MPR, mwaka 1967, na ilani yake ikapewa jina la N'Sele. Angalieni mwaka huo. Februari 1967 huku kwetu likatoka Azimio la Arusha. Mwishoni mwa mwaka huohuo, Laurent Kabila na wenzake wakaanzisha chama cha PRP katika milima ya Fizi. Ziwa moja, mwaka mmoja, itikadi tatu! Na Burundi nayo ilikuwa imekwishafanya UPRONA chama pekee mwaka 1966.

Baada ya chama likaja neno kubwa: uhalisi, yaani kurudi kwenye asili. Miji ilibadilishwa majina. Mwaka 1972 watu wakaamriwa kuacha majina ya Kizungu ya ubatizo, na Joseph-Désiré mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Kardinali Malula alipopinga, akalazimika kukaa Roma kwa muda. "Bwana" na "Bibi" kwa Kifaransa vikafutwa, kila mtu akawa "mwananchi". Suti na tai vikapigwa marufuku, mahali pake ikaja abakosti, koti lisilo na tai. Jina lenyewe linatokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "suti, chini!" Wazee wetu waliovaa Kaunda suti wanaifahamu sura yake.

Hapo hapo Mobutu akaenda China na Korea Kaskazini, miaka ya 1973 na 1974, akarudi ameona umati unavyochezeshwa kwa ajili ya mtu mmoja. Ofisini, kiwandani na shuleni vikundi vya kumwimbia na kumchezea vikawa kazi rasmi. Katika televisheni, kabla ya taarifa ya habari, uso wake ulikuwa ukishuka kutoka mawinguni. Desemba 1974 waziri wake Engulu alitangaza kwamba MPR ichukuliwe kama kanisa na Mobutu kama masiya. Kwa sheria za chama, kila Mzaire alikuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Hukuulizwa kama unataka.

Sasa swali langu kwa Kezilahabi. Je, Wazaire hawakuona? Waliona wazi! Waliona kwamba mhubiri wa asili alikuwa na majumba Ulaya. Waliona kwamba mwaka 1977 na mwaka 1978, waasi walipoingia Shaba, mtu wa uhalisi aliokolewa kwanza na askari wa Morocco walioletwa kwa ndege za Wafaransa, kisha na Wafaransa na Wabelgiji wenyewe. Watu waliona kwamba nguo haikai, wakacheka chumbani, asubuhi wakaivaa.

KAZI YA NGUO

Hapa ndipo penye uzito. Itikadi ya Mobutu haikuhitaji kuaminiwa. Ilihitaji kuvaliwa na kutamkwa hadharani. Mfikirie karani wa Kalemie mwaka 1975. Anacheza mbele ya ofisi, anaimba jina la mkubwa. Moyoni haamini. Lakini jirani yake anamwona anacheza, naye anamwona jirani. Kila mmoja anasema, "Huyu labda anaamini, nisiropoke mbele yake." Kila mmoja amekuwa ushahidi dhidi ya mwenzake, na hapajahitajika polisi. Mwandishi wa Czechoslovakia, Václav Havel, aliwahi kulieleza jambo hili mwaka 1978 kwa mfano wa muuza mboga anayebandika kibao cha chama dukani bila hata kukisoma. Havel alikuja kuwa rais wa nchi yake. Karani wetu wa Kalemie hajapata hata mwandishi.

Nguo ilikuwa na kazi nyingine pia: ilikuwa cheti cha kulia. Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatatwaliwa na wananchi. Kwa lugha ya uhalisi hiyo ilikuwa haki ya mwenye nchi. Kwa vitendo waliopata ni wakubwa na watu wao. Maduka mengi yakabaki rafu tupu, na kufikia mwaka 1976 serikali yenyewe ilikuwa inawaita wageni warudi. Lakini yule aliyepewa duka alikuwa ameshafungwa kamba. Hawezi tena kusema nguo haikai, maana duka lake limeshonwa humo humo.

Halafu kuna maneno. Utawala ulitwaa maneno yote mazuri: asili, babu, heshima, uhuru, uzalendo. Ukitaka kulalamika, utalalamika kwa neno gani? Ukisema "nchi yetu imeuzwa", unaambiwa hayo ndiyo anayosema Baba wa Taifa. Mwandishi anayeishi katika nchi ya namna hiyo ananyang'anywa jembe kabla hajafika shambani.

Nisizidishe lakini. Sisemi kwamba itikadi peke yake ilimweka mtu yule miaka 32. Palikuwa na shaba, na dola za Marekani kwa sababu ya vita baridi, na askari walinzi. Ushahidi ni kile kilichotokea baadaye. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alisimama N'Sele, akatangaza mwisho wa chama kimoja, na machozi yakamtoka. Tai zikarudi shingoni. Mwezi uliofuata wanafunzi wakauawa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Ubelgiji ikakata misaada, na marafiki wengine wakaanza kujitenga. Askari wasiolipwa wakapora miji Septemba 1991 na tena Januari 1993. Mara hii ya pili ni kwa sababu ya noti ya zaire milioni tano, ambayo wafanyabiashara waliikataa. Mkubwa akajificha Gbadolite. Hakuna aliyeimba tena. Lakini akadumu miaka saba mingine!

Nini kilichomshikilia? Mabunduki, ndiyo, na fedha za kuwagawa wapinzani. Lakini nadhani pia ni mazoea. Watu waliofundishwa miaka ishirini kwamba jirani ni shahidi hawawezi kuaminiana kwa siku moja kwa sababu tai imeruhusiwa. Kila mtu alijua kujitafutia njia peke yake; kusimama pamoja hakuna aliyezoea. Vita ilipoanza mwishoni mwa 1996, ndugu zetu walivuka ziwa kuja huku, na kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa Novemba mwaka huo.

HEWA BORA

Mtu ataniambia, huyo ni Mobutu, wapinzani wake walikuwa tofauti. Haya, tutazame mlima wa mbele yetu.

Aprili 1965 Che Guevara alipita Kigoma, akavuka usiku na Wacuba wenzake waliopewa majina ya Kiswahili. Yeye mwenyewe aliitwa Tatu. Novemba alirudi ameshindwa, na katika daftari lake la Kongo anakiri tangu mwanzo kwamba anaandika habari za kushindwa. Wakubwa wa waasi, analalamika, walikuwa wakizungukazunguka nje badala ya kuwa vitani.

Kabila hakukata tamaa. Kwa karibu miaka ishirini PRP ilikuwa na kanchi kake milimani Fizi, kalikoitwa Hewa Bora. Palikuwa na mashamba ya pamoja, shule, zahanati na masomo ya siasa. Dhahabu na pembe za ndovu zilitoka, bidhaa zikaingia, na mkubwa mwenyewe aliishi muda mrefu Dar es Salaam. Mei 1975 wapiganaji wake walivuka kuja Gombe, kaskazini ya mji wetu, wakateka wanafunzi wanne, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja, wakadai fidia. Wote waliachiwa hatimaye. Baada ya mashambulizi ya Moba ya 1984 na 1985, Hewa Bora ilififia. Na Kabila alipokuwa rais, Mei 1997, nchi ikabadilishwa jina tena, na mwaka 1999 akaunda kamati zake za nguvu ya umma mitaani. Fundi mpya, cherehani ileile.

FUNDI NI NANI?

Ndiyo maana nasema Kaptula la Marx limetazama upande mmoja. Macho ya tamthilia yako kwa aliyevaa. Fundi haonekani sana. Na fundi, jamani, ni sisi.

Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi walitangaze Azimio la Arusha. Washairi wakaitikia, na ngonjera za Mnyampala zikaingia mashuleni. Sisemi kwamba Tanzania ilikuwa Zaire. Mwalimu hakushuka mawinguni, aling'atuka mwaka 1985 kwa hiari yake, na kitabu kama Gamba la Nyoka kilichapishwa mwaka 1979 kikisema wazi jinsi watu walivyosukumwa vijijini. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 tunaijua wenyewe. Wapo bibi zetu wanaokumbuka nyumba walizoziacha. Tofauti hiyo ni kubwa na ni ya kushukuru. Lakini ngonjera ile ya shuleni, ya watoto wawili kubishana na mmoja kukubali mwishoni, ni mshono gani? Mpinzani ndani yake anaruhusiwa kusema ili ashindwe tu. Nasi mpaka leo, mgeni rasmi akija, tunaitwa tuandike. Tunaandika, tunapewa soda, tunapiga picha.

Kwa hiyo mwenzangu unayetaka kuandika riwaya, achana kidogo na dikteta. Mwandike fundi cherehani wa Kalemie. Mwaka 1972 anaamriwa asishone tena suti. Anajifunza mkato mpya, wateja wanajaa, anapata baiskeli, anamsomesha binti. Haamini hata neno moja la redio. Lakini kila akimaliza koti moja, utawala umepata siku moja zaidi. Mwaka 1990 tai zinarudi, naye ana makoti arobaini ambayo hakuna anayeyataka. Anamchukia nani? Anamlilia nani? Hapo kuna riwaya, na hakuna mwendawazimu hata mmoja ndani yake.

Mhusika huyo atakusumbua kwa sababu utampenda. Ukimpenda, itakubidi ueleze kwa nini alishona, na ukieleza kwa uaminifu utakuwa umegusa mambo ambayo Kapera na kaptula lake hawakuyagusa. Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, aliyefariki Januari 2020, ametuachia kicheko. Kazi ya cherehani ametuachia sisi.

Anayeona nimemwonea Mzee Kezilahabi, au anayejua kitabu cha Kiswahili ambacho kimekwishamwandika fundi huyo, aniandikie kupitia gazeti hili. Nitafurahi kubishana naye, mradi asinitungie ngonjera.