Fundi Haanzi na Bisibisi

Jokofu likigoma, samaki hupelekwa kwa jirani na maisha yakaendelea. Kompyuta ikigoma, nyumba nzima hushikwa na wasiwasi, kwa sababu hakuna anayejua kama vilivyomo ndani bado vipo: tasnifu ya mtoto aliyeko chuoni, hesabu za duka, picha za harusi, sauti ya marehemu babu iliyorekodiwa siku ya Idi. Jana ilikuwa inaitikia kidole, leo inabonyezwa haisemi kitu. Ndipo watu wa Mji Mkongwe huifunga sipiyu yao kwa kanga, wakashuka nayo ngazi na kupita vichochoro mpaka Darajani kwa fundi. Fundi huyo namsifu hapa, na namsifu hasa kwa jambo ambalo wengi wetu hatulioni tunapomlipa: anauzuia mkono wake mpaka ajue.

Maana haraka ya mkono ndiyo inayoiharibu kazi hii. Yuko anayebadilisha pawa saplai. Isipowaka, anabadilisha ramu. Isipowaka tena, anasema mazabodi imekufa, kanunue nyengine. Huyo hakutengeneza. Amebahatisha kwa pesa ya mwenzake, na hata ikiwaka hajui kwa nini imewaka.

Fundi hasa huanza na maswali. Niliwahi kukaa kwenye benchi la mmoja wao mchana mmoja wa masika, akaingia mama wa makamo na kijana aliyembebea sipiyu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Chombo changu hichi kimekufa.”

“Tusikizike bado, mama. Kilizimika chenyewe au mlikizima?”

“Umeme ulikatika usiku. Uliporudi, hakikuwaka tena.”

“Na uliporudi, taa za nyumbani zilikuwaje?”

Mama akafikiri kidogo. “Ya ukumbini iliwaka kwa ukali, ikaungua palepale.”

Fundi alikuwa hajagusa hata skrubu moja, na tayari alijua pa kuanzia. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230; ukirudi kwa kishindo cha kuunguza taa, cha kwanza kupokea kishindo hicho ndani ya kompyuta ni pawa saplai. Akaichomoa kwenye mazabodi, akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya ili kuilazimisha iamke, akachomeka plagi. Feni haikuzunguka. Akachukua rafuni nyengine aliyoijua kuwa nzima, akaifunga, mashine ikaguruma. Hata hapo hakusema imepona. Alichukua mita akapima volti zinazotoka: 12, 5 na 3.3, kila moja ikae karibu na kiwango chake. Ndipo akamgeukia mama: “Maradhi yalikuwa mlangoni tu. Ndani hayakuingia.”

Swali lile la umeme halikumjia kwa bahati. Anayetengeneza vyombo Unguja lazima ajue habari za umeme wa Unguja. Kwa miaka mingi tulitegemea waya mmoja uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni upande wa Bara hadi Fumba, wenye uwezo wa megawati 45. Mei 2008 umeme ukakatika kisiwa kizima kwa muda wa karibu mwezi. Ukakatika tena tarehe 10 Disemba 2009, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu mji uliishi kwa mngurumo wa jenereta, na jenereta ndogo hupandisha na kushusha volti kadiri mzigo unavyobadilika. Waya mpya wa megawati 100 ulipofika mwaka 2013 hali ilipata nafuu kubwa, lakini fundi aliyefanya kazi miaka ile hakusahau kuuliza. Na akiletewa mashine aliyoituma ndugu kutoka Marekani, kabla ya kuichomeka huitazama kwanza swichi ndogo nyekundu iliyoko nyuma ya baadhi ya pawa saplai. Ikiwa imewekwa 115, huisukuma hadi 230. Asiyeijua swichi hiyo huambulia mlio na moshi.

Mshitakiwa wa pili ni hewa yenyewe. Upepo unaotupoza barazani umebeba chumvi na unyevu, na meno ya dhahabu yaliyo kwenye ukingo wa ramu hufifia taratibu, wala mwenye nyumba haoni kitu. Siku moja feni zinazunguka, taa inawaka, kioo kimebaki cheusi. Hapo ndipo fundi hufanya jambo ambalo mgeni wa kazi hulishangaa: huivua mashine karibu kila kitu. Diski nje, kadi nje, ramu zote nje. Anabakisha mazabodi na prosesa yake, kisha anaiwasha na kutega sikio. Mashine yenye kispika, ikiwa hai, hulalamika kwa milio kwamba haikuona ramu. Kelele hizo ni habari njema, maana anayelalamika yuko hai. Kimya ndicho cha kuogopwa. Akishasikia milio, anachukua ufutio wa mtoto wa skuli, anasugua yale meno pole pole mpaka yang'are, anapangusa vumbi la ufutio, anairudisha ramu moja mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Anawasha. Kisha ya pili. Anawasha tena. Kila anachokirudisha hukijaribu peke yake, ili lolote likitokea ajue nani kaleta.

Mpango huu wa kazi unanikumbusha mafundi wa chokaa wanaozitunza nyumba zetu za mawe ya matumbawe. Ukuta ukibabuka, asiyejua huupiga saruji siku hiyohiyo. Saruji huufungia unyevu ndani, na baada ya misimu michache ukuta huoza kuliko mwanzo. Anayejua hupanda kwanza darini kutafuta maji yanapoingilia. Mji huu uliotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 umesimama kwa mafundi wenye subira ya namna hiyo, na mrithi wao mmoja ni huyu mwenye mita mkononi.

Subira hiyo ina upande wa uaminifu pia. Mara nyengine mashine inawaka, jina la mtengenezaji linatokea, kisha inakwama kabla ya kufunguka. Wepesi wa mitaani ni kusema “tupige windo,” yaani kufuta kila kitu na kuanza upya. Inachukua muda mfupi, mashine inarudi ikiwa safi, na miaka kumi ya familia imekwenda. Fundi mwenye amana haanzi na windo, huuliza, “Kuna kitu ndani mnakihitaji?” Huisikiliza diski kama inagonga, huichomoa, huifunga kwenye mashine nyengine na kunakili vilivyomo kabla ya kutia mkono popote. Na picha za watu anazoziona humo haziangalii mara ya pili wala hazisimulii. Kwenye mji ambao kila mtu anamjua mwenzake, kuficha siri ya mteja ni nusu ya ufundi.

Nayasema haya kwa sababu tunawadhulumu watu hawa. Fundi akibadilisha kifaa, tunalipa bila ya ubishi. Akikesha saa tatu akapima, akagundua kumbe ni betri bapa ya volti 3 iliyoisha, au ramu iliyohitaji kusuguliwa tu, tunasema: “Hukutia kitu, nikulipe nini?” Kwa neno hilo tunawafundisha vijana kwamba ukweli haulipi na uongo wa mazabodi iliyokufa unalipa. Wapo wanaotoka Chuo cha Karume pale Mbweni na wamefundishwa kupima. Tukiwalipa kwa vifaa peke yake, soko litawafundisha kubahatisha.

Kwa hiyo, msomaji, nakili vilivyo muhimu leo kabla chombo hakijagoma, na chomoa plagi umeme ukikatika. Siku kikigoma, mwendee fundi anayekuuliza kabla ya kushika bisibisi. Akikwambia ubovu ni mdogo, mshukuru, na umlipe kazi ya kuujua.