Mwinuko, Wengu na Msuli wa Farasi wa Mbio

Barabara inayoshuka kutoka Limuru, penye mwinuko wa takriban mita 2,200, hadi Mai Mahiu, penye mita 1,700 hivi, huwapa wazoezaji wa farasi kile ambacho wanariadha wengi hukisafiria mbali, yaani mahali pa juu pa kulala na mahali pa chini pa kukimbilia. Mpango huo humfaa mwanadamu kwa kuwa hewa nyembamba, yenye oksijeni kidogo katika kila pumzi, huzifanya figo zitoe homoni ya erithropoietini, nayo huuchochea uboho wa mifupa kuzalisha chembe nyekundu zaidi za kubeba oksijeni.

Kwa farasi mpango huo una kasoro kubwa. Wengu wake ni ghala la damu: anapotimua mbio hujikaza na kumwaga chembe nyekundu mishipani, hata sehemu ya chembe hizo katika damu, ambayo wakati wa utulivu ni kama asilimia 40, hupita asilimia 60. Kinachombana ni mapafu, kwani hata kwenye usawa wa bahari oksijeni ya damu yake hushuka akikimbia kwa nguvu zote, na chembe za ziada zaweza kuifanya damu iwe nzito tu.

Faida inafaa itafutwe msulini, na hapo watafiti wa Japani walifanya kazi ya kupigiwa mfano. Farasi waliokwisha kuzoezwa vizuri waliishi katika hewa ya kawaida, lakini walipokimbia kwenye mashine walivuta hewa yenye oksijeni ya asilimia 15 hivi badala ya 21. Matokeo yalionyesha kwamba kiwango cha juu cha oksijeni ambacho miili yao iliweza kutumia kiliongezeka. Utafiti wao mwingine ulionyesha kuimarika kwa uwezo wa msuli wa kuvunja sukari bila kungoja oksijeni, uwezo ambao husaidia katika mita za mwisho za mbio.

Kwa hiyo mpango wa wanariadha unafaa kupinduliwa: farasi alale Mai Mahiu, ambako hewa inakaribiana na ile ya uwanja wa mbio wa Ngong, wenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, kisha siku za mazoezi makali apandishwe Kinangop, kwenye mita 2,500 hivi, ambako msuli hubanwa kabla mwendo haujafikia kasi inayoumiza kano za miguu.