Sumer: Ustaarabu ni Kazi ya Nani?

Mwaka 1956 Samuel Noah Kramer, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alitoa kitabu juu ya Sumer, nchi ya kale iliyokuwa kusini mwa Iraki ya leo. Toleo la kwanza lilihesabu mambo 25 yaliyotokea huko mara ya kwanza katika historia iliyoandikwa. Toleo la mwaka 1981 lilifikisha 39. Shule ya kwanza, baraza la kwanza, punguzo la kwanza la kodi, na kadhalika. Jina lililokipa kitabu hicho umaarufu linadai kwamba historia huanzia Sumer. Kinastahili kusomwa na kila kada, lakini kisomwe kwa jicho la uchambuzi.

Kwanza, tukubali lililo kweli. Kufikia mwaka 3100 K.K. hivi, mji wa Uruk ulikuwa umeenea hekta zipatazo 250. Watu wake walichimba mifereji, wakalima shayiri katika nchi yenye mvua haba, wakabuni maandishi juu ya vibao vya udongo. Hesabu yao ya sitini ingali nasi: saa ina dakika 60, duara lina nyuzi 360. Kada anayetazama saa ili mkutano usichelewe anatumia urithi wa mito ya Frati na Tigri.

Kwa hiyo ukuu wa Sumer hauna ubishi. Swali ni jingine: ukuu huo ulijengwa kwa jasho la nani, na matunda yake yalikwenda kwa nani? Orodha ya mambo ya kwanza, hata ikiwa ndefu namna gani, hailijibu swali hilo.

Tuchukue maandishi. Vibao vya kale kabisa vya Uruk, kwa sehemu kubwa, si mashairi wala sheria. Ni hesabu za ghala: shayiri, kondoo, pombe na watu wa kazi. Alama ya kula ilikuwa kichwa cha mtu pamoja na bakuli la posho. Maandishi yalikulia ghalani. Hilo peke yake si dhambi, maana pasipo hesabu hakuna akiba, na pasipo akiba njaa huua. Lakini kalamu ilishikwa na mwenye kugawa posho, siyo na mwenye kujaza ghala. Kitabu chenyewe kinaeleza kwamba waliosoma katika shule za Sumer walikuwa watoto wa wenye nacho: magavana, maofisa na wakuu wa mahekalu. Jambo hilo lilipaswa kuwa kiini cha sura nzima.

Matokeo yake yanaonekana katika vibao vya dola ya Ur, kati ya mwaka 2100 na 2000 K.K. hivi. Posho ya kawaida ya mwanamume ilikuwa shayiri lita 60 kwa mwezi. Ya mwanamke lita 30. Maelfu ya wanawake walifuma nguo kwa posho hiyo. Msimamizi aliandikiwa siku za kazi alizodaiwa na dola. Zikipungua, deni lilihamishiwa mwaka unaofuata, na akifa nalo, watu wa nyumba yake waliweza kuchukuliwa kulilipia. Hapa hesabu imekwisha kuwa mnyororo.

Pili, tutazame lile punguzo la kodi. Urukagina, mtawala wa Lagash karibu mwaka 2350 K.K., alitangaza kuwaondoa wakusanya ushuru na kupunguza malipo waliyotozwa watu hata kwenye mazishi. Alitangaza pia kwamba mashamba ya mtawala na ya mke wake ni mali ya miungu. Kramer anayasifu mageuzi hayo. Vibao vya ghala vinasema zaidi. Nyumba iliyoitwa ya mke wa mtawala ilibadilishwa jina ikawa ya mungu wa kike Bau. Aliyeendelea kuiongoza ni mke wa Urukagina, na watu waliofanya kazi chini yake waliongezeka. Kilichobadilika ni jina la mwenye mali. Uongozi wa mali ulibaki nyumbani kwa mtawala. Mwanafunzi wa siasa asilipite jambo hili haraka. Mali haiwi ya umma kwa kutangazwa. Huwa ya umma pale wanaoizalisha wanapoweza kuuliza imetumikaje na kumwondoa anayeitumia vibaya.

Tatu, kuhesabu mambo ya kwanza ni njia yenye udhaifu. Kramer anasema neno la uhuru, ambalo maana yake ya asili ni kurudi kwa mama, linaonekana mara ya kwanza kwa Urukagina. Lakini Enmetena, aliyetawala Lagash kabla yake, alikwisha litumia. Vilevile vibao vidogo vilivyofukuliwa katika kaburi la Abydos, Misri, vinaonyesha kwamba karibu mwaka 3200 K.K. Bara la Afrika nalo lilikuwa na maandishi. Bingwa wa leo huvuliwa ubingwa kesho na jembe la mchimbuaji.

Isitoshe, jina la kitabu linaweza kumpotosha msomaji adhani kwamba asiye na maandishi hana historia. Kipimo hicho wakoloni walikitumia dhidi ya Waafrika. Kwa haki, Kramer mwenyewe alisema habari za historia iliyoandikwa, na alitumia maisha yake kuunganisha vibao vilivyovunjika ili sauti za kale zisikike. Kazi hiyo tunaiheshimu.

Basi makada watakaofundisha habari za Sumer wasiishie kwenye majina ya wafalme na urefu wa mahekalu. Waanze na lile bakuli la posho. Wawaulize wanafunzi nani alilijaza, nani aliandika kiasi chake, na kwa nini aliyelijaza hakuweza kusoma kilichoandikwa. Kisha wawaulize swali hilohilo juu ya daftari la kijiji chao.