Uchungu Katika Nyimbo za Rwenzururu: Tatizo la Neno "Upinzani"

Mwaka 1982 Peter Cooke, mtaalamu wa muziki, na Martin Doornbos, mtaalamu wa siasa, walichapisha katika jarida la Africa makala kuhusu nyimbo za Rwenzururu; katika anwani wakaziita nyimbo za upinzani. Mwaka huohuo Charles Wesley Mumbere alishuka mlimani baada ya mapatano na serikali, miaka 20 tangu vuguvugu la Wakonzo lijitenge na utawala wa Toro. Makala hayo yangali na thamani kubwa, kwani ni nadra wataalamu wa fani hizo mbili kuandika pamoja. Anwani ndiyo yenye mushkeli.

"Upinzani" ni neno linalotazama nje: humhitaji mpinzani, dai na siku ya kumalizika. Wanaoimba leo kutoka Munkunyu hadi Bwera wana mengine ya kubeba. Novemba 2016 zaidi ya watu 100 waliuawa Kasese, wengi wao vikosi vya serikali vilipoishambulia ikulu ya mfalme. Juni 2023 wanafunzi waliuawa shuleni Lhubiriha, Mpondwe. Aliyefiwa hawasilishi dai kila aimbapo. Kiswahili kina neno linalomfaa zaidi, uchungu, lisilotenganisha ghadhabu na majonzi. Mwenye uchungu halazimiki kwanza kumtaja adui.

Muziki wenyewe unaunga mkono usomaji huu. Endara, marimba ya Wakonzo, hupigwa na watu kadhaa walioketi kwenye ala moja, wala hakuna awezaye kudai kuwa sauti yote ni yake. Hasira ikiingia humo huwa ya wote. Uchambuzi wa maneno pekee hulipita jambo hili.

Kiswahili nacho si chombo kisicho na doa. Katiba ya Uganda ilikitambua mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na sokoni Mpondwe kimezoeleka kwa biashara na Kongo. Hata hivyo, Waganda wengi walikijua kwanza kwa vinywa vya askari. Wimbo wa Lhukonzo unaotafsiriwa kwa Kiswahili huingia katika lugha yenye kumbukumbu hiyo. Mshauri wa sera akiletewa tafsiri isemayo "upinzani" ataipeleka kwenye kamati ya usalama; isemayo "uchungu" yaweza kumfikisha kwa waliofiwa. Uteuzi huo wa neno umeachiwa mfasiri kwa muda mrefu, ilhali waimbaji wapo na wanaweza kuulizwa.